Gitaa Letu la Kale na Makovu Yake



Kamati ya yubile iliniomba niandike historia ya vyombo vya kwaya yetu. Nilianza na kinanda, nikaandika kurasa mbili, nikazirarua. Kinanda tulinunua, kikaharibika, tukanunua kingine; historia yake ni risiti. Ngoma nazo zimevishwa ngozi mpya mara nyingi mno, sijui kama bado ni zile zile. Chombo ambacho kimekaa nasi tangu zamani ni kimoja tu, lile gitaa linaloning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa sakristia. Lina ufa mbele na skrubu mbili darajani, na vijana wengi wa kwaya hawajawahi kulisikia likilia.

Mwezi uliopita yalitolewa mapendekezo mawili. La kwanza, litupwe. La pili, lipakwe vanishi mpya ling'ae, kisha liwekwe mbele ya altare siku ya sherehe. Niliomba yote mawili yasubiri kidogo. Mimi ni teno, na riziki yangu ni useremala, basi nililishusha, nikalilaza mezani juu ya blanketi, nikalikagua kama ninavyokagua kabati la mteja. Nilichokiona ni kwamba kila kovu la gitaa lile lina wakati wake, na karibu historia yote ya kwaya hii imo humo, pamoja na mambo mawili ambayo tunapaswa kuyasahihisha.

Gitaa lina wazee wake, na ni haki kuanza nao. Waluo waliokuja Kibera kutafuta kazi wanaijua nyatiti: bakuli la mti lililochimbwa, ngozi ya ng'ombe juu yake, mikono miwili, mti wa kukingama, na nyuzi 8. Mpigaji hukaa chini, chombo kikiwa kimelala ubavu, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu hugonga mti ili kushika mapigo huku njuga zikilia. Waluhya, ambao ni wengi Kawangware, wana litungu, ndugu yake mwenye nyuzi 7. Wakisii wana obokano, kubwa kuliko zote na yenye sauti nzito. Katika Biblia yetu ya Kiswahili, Daudi anampigia Sauli kinubi, Samweli wa Kwanza sura ya 16. Kinubi hicho, ambacho Waebrania walikiita kinnor, kilikuwa chombo cha ukoo huu huu wa mikono miwili na mti wa kukingama. (Na sisi wa Kibera tunasema kinubi mara mbili, maana Kinubi pia ni lugha ya majirani zetu Wanubi, waliokaa pale kabla yetu sote.) Kwa hiyo mtu akiniambia nyatiti si chombo cha kanisa, humrudisha kwa Daudi.

Lakini kwa miaka mingi haikupigwa kanisani. Wamisionari walikuja na nyimbo zao na vinanda vya kukanyaga kwa miguu, misa ilisomwa kwa Kilatini, na ngoma za nyumbani zikahesabiwa kuwa mambo ya kipagani. Mlango ulifunguliwa tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotoa hati yake juu ya liturujia. Hati ile inasema kuwa watu wa nchi za misheni wana muziki wao wenyewe unaostahili heshima, na kwamba vyombo vingine zaidi ya ogani vinaweza kukubaliwa katika ibada, mradi vinafaa na wenye mamlaka wameridhia. Siku nane baadaye, tarehe 12, Kenya ikapata uhuru. Wazee wetu wa kwaya wanapenda kuyataja hayo mawili pamoja, na hucheka wakikumbuka kwamba kayamba ilipoingia kanisani mara ya kwanza kuna waliotoka nje.

Gitaa lilifika Nairobi kwa njia nyingine kabisa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari wa King's African Rifles walirudi na magitaa na masikio yaliyozoea sauti za mbali. Fundi Konde, Mgiriama aliyezaliwa 1924, alikuwa miongoni mwa wale walioburudisha askari wakati wa vita, kisha akawa mmoja wa wapiga gitaa waliosikika sana nchini. Kutoka Katanga alikuja Mwenda Jean Bosco, yule ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville, siku hizi Likasi. Wimbo wake Masanga ulifundisha kizazi kizima kwamba kidole gumba na cha shahada peke yake vinatosha kufanya gitaa moja lisikike kama mawili. Huku kwetu Waluhya walikuwa na George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, na mtindo wa omutibo: gitaa moja, na mwenzake akikwaruza na kugonga chupa ya Fanta. Halafu ikaja benga, na hapo wapiga gitaa wa Nyanza wakafanya jambo la busara. Walichukua vile vidole vilivyozoea nyatiti wakavihamishia kwenye gitaa. Ukisikiliza solo ya benga ya zamani unasikia nyatiti imevaa suti.

Kwa hiyo gitaa lilipofika kwenye kwaya lilikuwa na jina la baa na dansi za Jumamosi usiku. Mpiga gitaa wetu wa kwanza, ambaye wote tulimwita Mwalimu, alijifunza nyumbani Magharibi kwa gitaa la debe la mafuta lenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli, kama vijana wengi wa wakati wake. Alipokuja Kibera, kisha kodi ya nyumba ikamsukuma Kawangware, alikuwa na vidole na hakuwa na chombo. Ndipo padre mmoja mmisionari, siku za kurudi kwao zilipofika, akaliacha gitaa lake kwa kwaya. Karatasi ya kiwandani iliyobandikwa ndani imeliwa na mende, jina halisomeki.

Hata hivyo mbao zenyewe zinasema lilikuwa gitaa la aina gani. Shingo yake ni pana. Kichwa chake kina matundu mawili marefu, na ndani yake nyuzi huzungushwa kwenye vijiti vyeupe vinene. Darajani hakuna vipini vya kushikilia nyuzi. Uzi hupitishwa kwenye tundu na kufungwa fundo. Alama hizo tatu zikiwa pamoja, chombo kilitengenezwa kwa nyuzi za nailoni. Lakini tangu nijiunge na kwaya hii sijawahi kuliona na nailoni. Limevaa nyuzi za chuma siku zote.

Sababu yake si ujinga. Nailoni yenyewe ni mgeni wa juzi. Magitaa ya namna hii yalitumia nyuzi za utumbo wa mnyama hadi miaka ya 1940, vita vilipoufanya utumbo kuwa adimu kwa kuwa hospitali ziliuhitaji kwa kushonea majeraha. Andrés Segovia, Mhispania, na fundi Albert Augustine wa New York wakageukia nailoni, na dunia ikawafuata. Hata nyatiti ilipita njia hiyo, ikaacha mishipa ya ng'ombe na kuchukua mishipi ya nailoni ya wavuvi. Basi huku wazee wa ziwani wakitia nailoni, sisi tulikuwa tunaitoa! Madukani nyuzi za chuma ndizo zilizokuwa rahisi kupata. Hatukuwa na maikrofoni. Mvua ikipiga mabati wakati wa sadaka, sauti ya nailoni haifiki benchi la pili, na Mwalimu alikulia kwenye sauti ya chuma. Mzee mmoja wa Kawangware anayepiga litungu, nilipomwonyesha gitaa hili, alilitazama kidogo tu akasema, "Mwanangu, mmelivisha viatu vya mtu mwingine."

Viatu hivyo vina uzito wake. Nyuzi sita za nailoni zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi, pungufu ya mfuko mmoja wa saruji. Nyuzi za chuma huvuta kilo 70 na zaidi, karibu mfuko mmoja na nusu. Ubao wa mbele unaobeba mzigo huo una unene wa milimita mbili au tatu tu, na unashikiliwa kwa ndani na vijiti vya mbao vilivyogandishwa kama mbavu. Gitaa la chuma hujengwa na mbavu nene na fimbo ya chuma ndani ya shingo. Letu halina fimbo hiyo. Usiku na mchana, ibada au hakuna ibada, mfuko na nusu wa saruji umelining'inia miaka yote hii.

Matokeo yake unaweza kuyaona bila kifaa chochote. Liinue gitaa hadi usawa wa jicho, tazama ubao wa mbele kwa ubavu kama seremala anavyotazama mbao kabla ya kuinunua. Nyuma ya daraja umevimba, mbele ya daraja umezama. Daraja lenyewe limelala kuelekea mbele. Chukua kipande cha karatasi ukipenyeze chini ya ukingo wake wa nyuma: kisingeingia hata kidogo kama gundi ingekuwa imeshika, na kwetu kinaingia karibu sentimita moja. Kisha pima kwa rula ya shule, kwenye freti ya 12, nafasi iliyopo kati ya uzi mnene na freti. Kwa gitaa la nailoni milimita 4 ni sawa. Nilipata 7.

Hizo milimita 7 ndizo zinazonileta kwenye jambo la kwanza la aibu.

Wakongwe mnakumbuka ugomvi wetu kuhusu sauti kupanda. Wimbo ukianza chini ulikwenda vizuri. Mpiga gitaa akipanda juu ya shingo, kwaya yote ilikuwa inavutwa, soprano wanapaa, besi wanabaki, mwalimu wa kwaya anapiga meza. Tulilaumu soprano kwanza. Halafu tukamlaumu Mwalimu. Alituambia waziwazi kwamba gitaa linadanganya, kwamba nyuzi zikiwa wazi zinapatana na zikibanwa juu hazipatani. Tulimjibu kuwa gitaa halina ulimi, ni masikio yake yamezeeka. Aliliweka chini baada ya misa ya Jumapili moja na hakulishika tena, na baada ya muda alirudi nyumbani Magharibi.

Jaribio la kumaliza ubishi ule huchukua dakika moja. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12, usiubane, uupige, uachie: utasikia sauti nyembamba kama ya kengele. Sasa bana uzi ule ule kwenye freti ile ile na uupige. Sauti hizo mbili zinapaswa kuwa moja, kwa sababu freti ya 12 iko katikati kamili ya uzi. Kwetu ya kubana iko juu, tena juu sana. Uzi ulio mbali na shingo lazima unyooke zaidi ili ufike kwenye freti, na uzi ulionyooka zaidi hupanda sauti. Na daraja linapolala mbele linaufupisha uzi, kosa linaongezeka. Mwalimu alikuwa sahihi kuhusu kila neno. Masikio yake yalikuwa mazuri kuliko yetu sote.

Jambo la pili linahusu ufa, na hapa niwaombe wasomaji wavumilie, maana ni lazima nitaje wakati ambao wengi wetu hatupendi kuutaja.

Kwaya yetu ni ya watu wa mitaa miwili. Tumezoea kufanya mazoezi juma hili Kibera na juma lijalo Kawangware, tukitembea kwa makundi kupitia Ngong Road na Dagoretti Corner, na gitaa limetembea nasi mgongoni mwa mtu. Desemba 2007 lilikuwa Kawangware kwa mazoezi ya Krismasi. Matokeo ya urais yalitangazwa tarehe 30. Januari reli iling'olewa Kibera, nyumba na vibanda vikachomwa huku na kule, na watu walioimba kwa pamoja mkesha wa Krismasi hawakuweza kuvuka barabara kwenda kusalimiana. Sitaandika nani alikuwa kabila gani. Kwaya ilinyamaza kwa majuma mengi. Gitaa lilibaki kwa mama mmoja wa alto, chumba cha mabati, na kwa hofu ya waporaji alilificha juu ya kabati, karibu kabisa na paa, akalifunika kwa leso mbili.

Mkataba wa amani ulitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Mazoezi yaliporudi, mama yule alikuja na gitaa kifuani kama mtoto, na lilikuwa na ufa kutoka darajani hadi ukingo wa chini. Alilia. Alidhani aliligonga alipokuwa akilipandisha. Tulimwambia si kitu, lakini nakumbuka macho ya wengine, na sidhani kama aliamini.

Nimelikagua ufa huo vizuri. Nililegeza nyuzi, nikaingiza simu ndogo ya mulika mwizi ndani ya tundu ikiwa imewashwa tochi, nikazima taa ya chumba. Mwanga ulitoka mbele kama uzi mwembamba ulionyooka, ukifuata nafaka za mbao bila kukata hata moja. Ubao uliogongwa haupasuki hivyo. Ungekuwa na shimo, au alama ya kubonyea, au ufa unaokata nafaka kwa mshazari na kuacha vijiti vijiti. Ufa ulionyooka kiasi hiki ni wa ukavu. Mbao hupungua upana inapokauka, urefu hausogei karibu hata kidogo. Ndiyo maana mlango wa bafu hukwama wakati wa mvua na kulegea Januari. Januari na Februari ni miezi ya jua kali na hewa kavu hapa Nairobi, na chini ya bati la paa saa nane mchana ni kama ndani ya oveni. Ubao ulitaka kujikunja, mbavu zilizogandishwa kwa ndani zikauzuia, nyuzi za chuma zikiendelea kuvuta kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuzilegeza. Ubao ukaachia mahali palipokuwa pamechoka tayari, nyuma ya daraja.

Mama, kama unasoma haya: si wewe uliyelipasua. Wewe ndiwe uliyelihifadhi. Sisi ndio tuliolikabidhi kwako likiwa limekazwa.

Baada ya hapo likafanyiwa matengenezo, na matengenezo yaliliumiza kuliko jua. Kwaya ilichanga, gitaa likapelekwa kwa fundi wa samani, ambaye simlaumu sana kwa kuwa ningeweza kuwa mimi. Alifanya kile sisi maseremala tunachofanya kwa kiti: akajaza ufa kwa supaglu na vumbi la msasa, kisha akalishika daraja kwa skrubu mbili zilizopita hadi ndani. Kiti kingepona. Ubao wa gitaa ni ngozi ya ngoma, lazima utikisike. Supaglu imekuwa ngumu kama kioo ndani ya ufa, na kila msimu mbao inaposogea inaachana nayo upande mmoja. Skrubu nazo zilikata ubavu mmoja. Ukigonga ubao taratibu kwa kifundo cha kidole, ukianza juu na kushuka, utasikia sauti ya mviringo, ya mviringo, ya mviringo, halafu upande wa nyuzi nene inageuka kuwa mtetemo wa kukwaruza. Hapo ubavu umeachia. Kwa kioo cha mkononi na tochi unauona ukining'inia upande mmoja.

Niongeze onyo kwa vijana wapiga gitaa: si kila mkwaruzo ni ubavu. Kabla ya kuanza kulia, angalia ncha ya uzi iliyobaki ndefu kichwani, skrubu iliyolegea kwenye vikazio, na kitu kilichoanguka ndani. Siku ya kwanza nililitikisa gitaa hili nikasikia kitu kinatembea tumboni. Nikatoa kipande cha chaki na shanga moja ya rozari. Nusu ya kelele ikaisha hapo hapo.

Na kuna yaliyo mazima, tena mengi. Shingo haijapinda. Unalijua hilo kwa kubana uzi kwenye freti ya kwanza na ya 12 kwa pamoja, ukatazama katikati. Nafasi ikitosha karatasi nzito tu, shingo ni nzuri, na yetu ndivyo ilivyo. Mbao za ubavuni na mgongoni hazina ufa. Sikuona matundu madogo ya wadudu wala ule unga laini wanaouacha chini. Panya hawakuligusa, jambo ambalo kwa sakristia yetu ni neema. Vikazio vinahitaji tone la mafuta, basi.

Ndiyo maana nilikataa vanishi. Tabaka nene la vanishi juu ya ubao wa mbele ni blanketi juu ya ngoma. Litang'aa kwenye picha na halitalia tena. Nilikataa na kulitupa pia, kwa sababu kila ugonjwa nilioutaja una tiba ambayo kwaya yetu inaimudu. Skrubu zimetoka tayari. Daraja nililipasha joto kwa pasi juu ya kitambaa, nikalitenganisha polepole kwa kisu chembamba butu, nikasafisha gundi yote ya zamani hadi mbao tupu ikaonekana, maana gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu. Ubavu umegandishwa na unashikiliwa na vibano. Ufa ndio kazi ndefu. Nimekuwa nikikwangua supaglu kwa wembe, na gitaa limelala ndani ya boksi pamoja na sifongo yenye unyevu kwenye kibakuli cha sabuni chenye matundu, ili mbao irudishe upana wake kwanza. Ukifunga kabla ya hapo, utapasuka tena pembeni. Kisha nitaweka vipande vidogo vya mbao kwa ndani, nafaka zake zikikata ufa, kama mishono.

Litakaporudi kwenye kwaya, litarudi na nyuzi za nailoni. Seti imeshanunuliwa mjini. Maikrofoni sasa tunazo, sababu ya chuma haipo tena. Msumari wa nyuma ya mlango nimeung'oa: ukuta ule ni wa bati na jua la alasiri hulipiga moja kwa moja. Litakaa ndani ya sanduku lake, chini, kwenye ukuta wa mawe wa ndani. Anayelipiga alifute jasho kwa kitambaa kikavu, na likisafiri juani au likikaa majuma bila kazi, alegeze kila uzi mizunguko miwili. Yule mzee wa litungu anasema yeye hufanya vivyo hivyo tangu utotoni na hakuhitaji seremala kumwambia.

Nilimpigia simu Mwalimu. Nilitaka kumwomba radhi kwa niaba ya kwaya, na nilikuwa nimepanga maneno, lakini aliponisikia nikitaja gitaa aliniuliza kwanza, "Daraja liko wapi sasa?" Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akaniuliza milimita ngapi. Nikamwambia zilikuwa saba. Alicheka kwa muda mrefu. Maneno yangu nikayasema mwishoni, akayapokea.

Atakuja kwa basi la usiku na ameomba asipewe maikrofoni. Ameniagiza pia nisithubutu kulitia nyuzi kabla gundi ya ufa haijakaa siku zake, sherehe au hakuna sherehe. Kwa hiyo siku ya yubile mtaliona gitaa kwenye meza upande wa kulia wa altare, bila nyuzi, likiwa na vibano viwili vya chuma tumboni. Wazazi tafadhali mshike watoto. Nyuzi zitawekwa Jumamosi itakayofuata, saa tisa alasiri, wakati wa mazoezi Kawangware, na yeye ndiye atakayelipatanisha.